Mama Kioo na Ukuta wa Jua

Mama Kioo hakuwahi kupita mbele ya dirisha la mtu bila kulikagua. Mngeweza kuwa mnarudi msibani, machozi hayajamkauka, na bado akakuambia kwamba dirisha la duka lile mpira wake umepinda na aliyeupachika alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mume wake, dereva wa lori, alishazoea. Husimulia kwamba siku ya kwanza alipokwenda kwao kujitambulisha, binti alikuwa anamtazama bila kupepesa. "Nikajua nimependwa," husema, "kumbe nyuma yangu kuna kabati, na kabati lina ufa kwenye kioo."

Kazi hiyo hakuisomea popote. Alikuwa mfagizi katika ofisi moja, na siku moja mafundi waliokuja kubadilisha kioo kilichopasuka wakamwomba awashikie upande mmoja, kidogo tu. Alishika, na hakuachia tena. Aliwaandama mpaka wakamchoka, wakamfundisha kupima, kukata, kupandisha, na kuvuta gundi ya silikoni kutoka kona hadi kona bila kuvuta pumzi. Nisikufiche, alikuwa na majivuno. Akiona kazi mbovu ya mtu hasemi kitu, anaguna tu, na mguno ule uliwakera mafundi wanaume kuliko tusi.

Somo la kwanza alilofundishwa ndilo lililomkaa mifupani. Kioo ni mmbea, walimwambia mafundi, chochote kilicho nyuma yake atakitangaza. Waya ukining'inia nyuma ya kioo, mtaa mzima utauona. Kwa hiyo fundi wa kioo hafungi kioo chake mpaka amesukuma kila uzi na kila waya ndani ya mfereji wa reli ya chuma, pale kioo kinapokalia, akaufunika kwa mpira, pakawa safi. Mama Kioo alifanya hivyo hata akiwa anawaza mengine, kama wewe unavyofunga vifungo vya shati asubuhi.

Kisha akaja shemeji yake. Huyu ni mume wa mdogo wake, bwana mnene mwenye maneno mengi, kiongozi wa mafundi waliokuwa wakivalisha majengo paneli za sola. Si zile za kulazwa juu ya paa. Hizi zinasimama ukutani, kutoka juu hadi chini, mahali ambapo wengine wangepaka rangi au kubandika vigae, na ukuta wenyewe unageuka kuwa wa kutoa umeme.

"Shemeji," alimwambia, "utafungia watu vioo vya kujitazamia mpaka lini? Njoo tufanye kazi yenye faida."

"Na hiyo faida ikinipiga shoti?"

"Ikikupiga nitalia kuliko mumeo. Yeye atapata mke mwingine. Mimi shemeji wa kumchokoza nitampata wapi?"

Akaenda. Paneli zenyewe alizipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu usoni ni kioo, na kioo hakimshindi. Tofauti ni kwamba hizi ni nyeusi, huoni kilicho nyuma, na nyuma kuna nyaya zinazoshikana paneli kwa paneli kutoka paani hadi chini, kila moja ikiongeza nguvu yake juu ya nyingine. Mkono wa Mama Kioo haukuiona tofauti hiyo. Jasiri haachi asili.

Mafundi hao walikuwa na mtindo wao. Paneli haisubiri kuunganishwa wala kuruhusiwa, ikiona mwanga tu imeanza kazi. Kwa hiyo kila moja ilipandishwa ikiwa imefunikwa shuka jeusi, na shuka halikutolewa hadi siku ya mwisho. Aliyelisimamia jambo hilo ni fundi umeme wao, mzee mwembamba wa sauti ndogo waliyemwita Volti. "Chini kuna swichi," alikuwa akisema, "lakini ile inazuia umeme usiingie nyumbani tu. Huku ukutani swichi ni jua, na jua halina mtu wa kulizima." Alilisema kila asubuhi, na kila asubuhi kulikuwa na wa kummalizia sentensi kwa kumwigiza, watu wakacheka.

Jengo walilokuwa wakilivalisha lilikuwa la ghorofa nne, na watu waliishi humo humo kazi ikiendelea. Ghorofa ya tatu alikaa bibi mmoja mwenye fimbo, ambaye hakuacha kulalamika: vumbi, kelele, na wanaume wanaoning'inia dirishani mtu hajamaliza kuvaa. Akimaliza kulalamika, anawapitishia chai dirishani.

Siku ya mwisho mashuka yalitolewa asubuhi, yakakunjwa, yakapakiwa kwenye gari yakaondoka. Mchana jua lilihamia upande ule wa jengo, na ukuta ukametameta mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Mama Kioo alikuwa sebuleni kwa bibi, anamalizia kuziba ukingo wa dirisha kwa ndani. Shemeji alikuwa nje ya dirisha hilo hilo, juu ya jukwaa la chuma lililoning'inizwa kwa kamba za nailoni, anakaza skrubu. Dirisha, la kuteleza, lilikuwa wazi kati yao.

"Shemeji, mstari wako wa gundi umepinda."

"Yamepinda macho yako. Kaza skrubu."

Bibi alicheka. Shemeji naye akacheka, akashika reli ya ukutani kwa mkono mmoja ili ajisogeze, na kwa mkono wa pili akashika fremu ya dirisha.

Hakupiga kelele. Kicheko kilikatika, mwili ukakakamaa, macho yakamtoka kama mtu aliyekabwa. Kilichomwokoa ni uzito wake mwenyewe. Mguu uliteleza, ule mwili mkubwa ukamng'oa, akaanguka chali juu ya jukwaa. Jukwaa likayumba, upande mmoja ukashuka, kamba ya upande huo ikaruka nje ya kapi, kigurudumu cha paani kinachoipitisha, na kukwama kule juu. Gurudumu la mpira lililokuwa likizuia jukwaa lisiguse ukuta likachomoka, likaanguka mpaka barabarani. Kona tupu ya chuma ikalala juu ya reli.

"Msimguse!" Ilikuwa sauti ya Volti kutoka chini, kipimo cha umeme mkononi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia Volti akipaza sauti, kila mtu alisimama alipokuwa. "Asiguswe na mtu! Ukuta una umeme!"

Mama Kioo alichungulia. "Si umezima swichi?"

"Imezimwa! Waya umebanwa huko huko juu, kwenye safu iliyo kando ya dirisha lenu. Unavujia kwenye reli!"

Safu hiyo, kutoka paani hadi chini, aliifunga yeye. Peke yake, kwa siku mbili, huku akiimba. Na hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, aliiona mikono yake inavyozikusanya nyaya nyuma ya kila paneli, inazisukuma ndani ya mfereji, inakalisha paneli juu yake. Safi kabisa. Paneli nyeusi, isiyoonesha kitu, na yeye anaficha nyaya asije mtu akaziona. Tangu hapo chuma kilikuwa kinapanuka kwa joto la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku, kinautafuna waya taratibu.

Hakupewa nafasi ya kujilaumu, maana shemeji alikuwa anainuka. Alikuwa hajielewi, mate yanamtoka, lakini jambo moja alilijua: mbele yake kuna dirisha, na ndani ya dirisha kuna watu wake.

Ndege hutua juu ya waya wa umeme akaruka salama, kwa sababu hajagusa kitu kingine. Shemeji sasa alikuwa kama yule ndege. Jukwaa alilosimamia limegusa reli, kwa hiyo naye ana umeme mwili mzima na wala hausikii. Lakini fremu ya dirisha imefungwa kwenye vyuma vya jengo, na vyuma vya jengo vimezama ardhini. Akiishika fremu, umeme utapita ndani yake kwenda ardhini, na safari hii sakafu ya jukwaa imeinama kuelekea ukutani, uzito wake hautamng'oa tena. Na mtu wa ndani akimpa mkono, watakwenda wote wawili.

Na bibi alikwisha kunyoosha mkono.

"Njoo baba, njoo mwanangu, nishike."

Mama Kioo alimvuta bibi wa watu kwa nguvu zote, akamtupa kwenye kochi. Kisha akalisukuma dirisha, likateleza, likafunga mbele ya uso wa shemeji yake.

"Mwuaji!" bibi alipiga kelele. Alishaipata fimbo yake, na ikatua mgongoni kwa Mama Kioo. "Unamfungia mwenzako afe? Fungua!"

"Bibi, nipige, lakini usifungue!"

Nje, shemeji aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo. Hapo Mama Kioo hakuogopa, kioo hakipitishi umeme, hilo alilijua kuliko jina lake. Aliogopa vidole. Vilikuwa vinapapasa kwenda pembeni, vinatafuta mahali pa kushika, na pembeni ndiko kuliko chuma. Akaweka viganja vyake vyote viwili upande wa ndani, juu ya vya shemeji, kama anaweza kuvizuia kwa kioo katikati.

"Hapa! Mikono ibaki hapa! Ukigusa chuma cha dirisha unakufa!"

"Shemeji, fungua." Sauti yake ilisikika kwa mbali, na alikuwa analia. Bwana yule wa vichekesho, analia kama mtoto aliyeachwa nje. "Nimekukosea nini? Fungua."

"Sikufungulii. Kaa chini."

"Fungua, nakuomba."

"Kaa chini, shemeji! Kwa ajili ya mdogo wangu, kaa chini!"

Alimtazama kwa muda ambao Mama Kioo hatausahau. Jicho la mtu anayejiuliza kama anakujua. Kisha akakaa.

Simu ya Mama Kioo ilikuwa inaita. Volti. Sauti yake ndogo ilikuwa imerudi. "Safu yote ile ifunikwe, kutoka paani mpaka chini. Kila paneli utakayoinyima mwanga inapunguza. Mashuka yetu yamekwenda. Tafuta chochote kizito."

Bibi aliyasikia. Fimbo ilikuwa bado juu. Akamtazama Mama Kioo, akamtazama mtu aliyekaa nje ya kioo, mzima, hai, na hatimaye akaishusha.

"Kumbe," akasema. Akafungua mlango wa ukumbini, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akilalamikia vumbi akaliamsha jengo zima. "Mablanketi! Toeni mablanketi, mapazia, mashuka mazito! Funikeni ule ukuta mweusi, mtu anakufa! Na asiguse mtu chuma!"

Basi zikatoka nguo za watu. Kutoka ghorofa ya nne likashuka zulia. Paani wakaangusha turubai, upepo ukalipeperusha, wakalivuta, wakaliangusha tena. Chini watu walisimamisha ngazi ya mbao, wakaning'iniza mapazia kwa mafagio. Kwa mbali ungedhani ni siku ya kufua. Mama Kioo hakuyaona mengi ya hayo. Alikuwa anatazama juu, kwenye kapi, pale kamba ya nailoni ilipokwama kwenye ukingo wa zege. Kila jukwaa lilipotikisika, nyuzi za kamba zilikatika, moja, kisha nyingine, zikabaki zimesimama kama manyoya.

"Imebaki moja," Volti alisema kwenye simu. "Ya hapo ubavuni mwenu."

Ile moja haikufikika ila kutoka dirishani kwao. Na dirisha, ili lifikishe kitu nje, lazima lifunguliwe.

Bibi alivua shuka la kitanda chake, akalikunja mara mbili, akalitundika kwenye mti wa fagio. Mama Kioo akapiga goti ili macho yake yawe sawa na ya shemeji.

"Nafungua kidogo. Si kwa ajili yako, usiinuke. Weka mikono chini ya mapaja, ikalie."

"Utanifungia tena?"

"Nitakufungia tena."

Shemeji akaikalia mikono yake. Dirisha likafunguka kiasi cha fagio kupita, na shuka likatoka, likajikunja, likaanguka juu ya paneli nusu, likashikwa na upepo. Mama Kioo akalirudisha. Jasho lilimwingia machoni. Mara ya tatu lilikaa, na paneli ikapotea chini ya maua mekundu ya shuka la bibi. Shemeji alikuwa anaitazama nafasi ile iliyofunguka, mdomo wazi, mabega yakitetemeka, na mikono haikutoka chini ya mapaja.

"Vipi?" Mama Kioo akauliza kwenye simu.

"Imeshuka. Imeshuka sana." Volti alikitazama tena kipimo. "Lakini si sifuri. Kuna mwanga unapenya mahali."

"Uliobaki unaua?"

"Sijui. Nisikudanganye, sijui. Mngesubiri jua lizame."

Juu uzi mwingine ulikatika, na jukwaa likashuka kiasi cha shemeji kushtuka na nusura ashike reli.

"Kamba haisubiri jua," Mama Kioo akasema.

"Basi nisikilize. Vaa viatu vya mpira, simama juu ya godoro, usiguse fremu. Na usianze kwa kumshika. Mguse kwa mgongo wa mkono. Umeme ukikupiga, mkono utajikunja kuja kwako, hautamng'ang'ania."

Bibi alikuwa tayari analiburuta godoro. Mama Kioo akasimama juu yake, akalisukuma dirisha kwa mti wa fagio mpaka likafunguka lote. Hapakuwa na kitu tena kati yake na shemeji yake. Akanyoosha mkono.

Shemeji akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Usiniguse. Tutakufa wote, una watoto. Mwambie mdogo wako..."

"Sitamwambia kitu, utamwambia mwenyewe. Leta mkono."

"Hata hujui kama umeme umekwisha!"

"Sijui. Lakini waya uliobanwa niliubana mimi." Alilisema polepole, kila neno likasikika. "Niliuficha kwenye mfereji wa reli, kama naficha waya nyuma ya kioo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu nimekudunga wewe. Kwa hiyo atakayegusa kwanza ni mimi. Leta mkono, shemeji."

Akauleta. Mkono mnene, umejaa grisi. Mama Kioo akaugeuza wake, akauegemeza mgongo wa vidole juu ya kiganja chake.

Alihisi kitu kinamtembea mpaka kwenye kiwiko, kama sisimizi wengi. Mkono wake ukaruka wenyewe. Akasubiri kifo, hakikuja. Akaurudisha, na safari hii akashika.

"Sasa! Inua miguu, usiguse pembeni!"

Alimvuta, na bibi, ambaye hakuwa na nguvu za kuvuta hata kuku, alimkumbatia Mama Kioo kiunoni akavuta naye. Shemeji aliingia kichwa kwanza, akawaangukia wote wawili juu ya godoro. Walilala hapo wakihema, watu watatu na mti wa fagio. Kamba ya nje haikukatika mpaka mwisho, lakini nani angelijua hilo.

Chini watu walikuwa wanapiga vigelegele. Shemeji aligeuka, akalitazama dari la bibi.

"Zile nyaya," akasema, "niliziona."

"Ziko nyuma ya paneli, ungezionaje?"

"Niliziona siku ile ile ulipokuwa unazipanga. Nilikuja na jukwaa, nikakukuta unaimba, nikasimama nyuma yako nikatazama." Alijifuta uso. "Nikaona uzuri, shemeji. Hakuna waya hata mmoja unaoning'inia. Nikawaita mafundi wote, nikawaambia kuanzia leo kila mtu apange nyaya kama huyu mama."

"Wote?"

"Wote. Safu zote."

Mama Kioo aliinuka. Nje vigelegele vilikuwa vinaendelea, na kwa kuwa mtu aliyekuwa hatarini ameokoka, wenye nyumba walikuwa wameanza kujichukulia vitu vyao. Ghorofa ya nne mwanamume alikuwa anavuta zulia lake, mkono mmoja umeegemea ukutani. Ghorofa ya pili mama mmoja alikuwa amejitokeza hadi kiunoni, anaifuata kona ya blanketi iliyonasa kwenye reli, na nyuma yake mtoto anachungulia. Jua lilikuwa bado juu sana.

"Acheni!" Sauti haikuwafikia. Alipiga kioo kwa ngumi, na bibi akakidaka kile kilio kwa sauti yake kubwa. "Acheni! Msitoe hata moja!"

Vigelegele vikafa. Nyuso zikageuka kumtazama kutoka juu na chini, mikono imeshikilia nguo.

"Ukuta wote una hatari," Mama Kioo akasema, na sasa sauti ilimtoka wazi, akaisikia hata yule aliyesimama barabarani. "Si safu hii peke yake. Wote umefungwa kwa mtindo wangu. Rudisheni mikono ndani."

Mwanamume wa ghorofa ya nne aliuondoa mkono ukutani. Mama wa ghorofa ya pili aliiacha kona ya blanketi, akarudi ndani, akamvuta na mtoto.